Usimwage Mtama: Mwongozo kwa Anayetaka Kutoa Maoni Kuhusu Tamthilia

Kosa langu lilichukua sekunde tatu. Tulikuwa ukweni, Temeke, sebuleni, baada ya futari. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan ilikuwa ikiendelea kwenye Azam TV. Ibrahim Pasha akapita kwenye kioo, joho linaburuza, ndevu zimechongwa. Mama mkwe akaguna kwa kuridhika: "Huyu kijana ana adabu sana." Nami, kwa kutaka kuonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mjinga, nikasema: "Tatizo Sultani atamnyonga."

Kimya. Shemeji aliyekuwa akimenya chungwa aliacha kisu katikati ya ganda. Nikajitetea kwa ushahidi: hii si siri, mama, ni historia, Ibrahim Pasha aliuawa kwa amri ya Sultan Suleiman mwaka 1536. Mama mkwe akanitazama juu ya miwani. "Baba," akasema taratibu, "kwani huo mwaka mimi nilikuwepo?"

Chai ya tangawizi ilizunguka sebule nzima usiku ule. Kwangu ilipita kama daladala iliyojaa.

Ndugu msomaji, nakuandikia mwongozo huu ili chai yako isikupite. Wahenga walikataza kumwaga mtama penye kuku wengi, lakini hawakueleza mtu afanye nini pale kila kuku anapokuwa amefika punje yake.

Kanuni ya kwanza: Uliza mwenzako kafika wapi

Zamani swali hili halikuwepo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, na hata hapo mtaa mzima uliweza kuwa na seti moja. Watu walijazana kwa mwenye nayo; waliochelewa walishika nondo za dirisha wakatazama kwa nje. Mchezo wa kundi la Kaole ukianza, mlianza wote. Ukiisha, mliguna wote. Kesho yake kisimani kila mtu alikuwa na maoni, na hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na uhondo wa kuharibu.

Leo majirani watatu wanaangalia tamthilia moja na hawawezi kuizungumza. Wa kwanza anaifuata kwenye king'amuzi, sehemu moja kwa siku, na kifurushi kikiisha anabaki na kioo cheusi. Wa pili kajaziwa yote kwenye flashi na kijana wa banda la muvi, akaimaliza Jumamosi na Jumapili, sasa anatembea mtaani na mwisho wake tumboni kama mtu aliyemeza moto. Wa tatu anategemea bando, nalo lilikata pale pale bi harusi alipotaka kufunuliwa shela.

Basi uliza kwanza. Lakini usiulize namba. Tamthilia ya Kituruki kwao huweza kwenda saa mbili kwa sehemu moja. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika arobaini na tano. Sehemu ya 30 ya aliyeipata kutoka kwao siyo sehemu ya 30 ya mtu wa king'amuzi. Nimeshuhudia watu wazima wawili wakiapizana kwamba mwenzake ni mwongo, kumbe wote wakweli, ila mmoja yuko miezi mbele.

Wala usiulize tukio. "Umefika pale anapogundua mtoto si wake?" Hilo si swali, ni mshale, na umeshatoka kwenye upinde. Mtaalamu huuliza habari za nguo: "Bado anavaa kile kilemba cha kijani?" Mwenzako atajibu, utajua alipo, na hakuna aliyekufa.

Kanuni ya pili: Jua kasikia sauti ya nani

Watu wawili wanaweza kuangalia picha ile ile wasione kisa kile kile. Sisi ni watu wa watafsiri. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na nyuma yao jeshi zima la vijana wanaozungumza Kiswahili juu ya sauti ya mwigizaji, wakiongeza methali, utani, na onyo kwa vijana wasiosikiliza wazazi. Aliyetafsiriwa ataapa kwamba adui alisema, "Leo utanitambua, mwana wa mtu!" Aliyesoma maandishi chini ya picha anajua kwamba adui aliomba maji. Usiamue ugomvi huu. Wa kwanza ndiye aliyefurahi zaidi.

Vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea muvi, vilituachia pia sheria yetu kuu ya sanaa: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, ajengewe ukuta, atarudi. Ndiyo maana Game of Thrones, ilipotoka mwaka 2011, ilileta msiba usio na matanga. Ned Stark, ambaye sura yake ndiyo iliyowekwa kwenye tangazo, alikatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza wenye sehemu kumi. Jirani yangu aliirudisha flashi bandani akidai kauziwa mbovu. Kijana wa banda alimweleza kwamba ndivyo kisa kilivyo. "Basi niwekee kingine," jirani akasema, "ambacho hawajakosea."

Mtu wa imani hii usimwambie kwamba kifo kile kilikuwa ujasiri wa mwandishi. Mpe pole.

Kanuni ya tatu: Mwogope anayesema "vumilia"

Utamtambua kwa macho mekundu na sauti ya upole. Anakupendekezea tamthilia, halafu anaongeza: "Mwanzo inachosha kidogo, ila vumilia." Muulize kidogo ni kiasi gani. Jumong, ya Korea Kusini, iliyoteka mitaa yetu kwa miaka, ina sehemu 81. Kila sehemu ni kama saa moja. Ukiiangalia bila kulala, bila kula na bila kwenda kazini, utamaliza baada ya siku tatu na saa tisa. Na huyo Jumong unayeambiwa kwamba ni shujaa, mwanzilishi wa dola ya Goguryeo, anaanza akiwa mwanamfalme mwoga asiyejua hata kushika upanga sawasawa. Shujaa unayemngoja hayupo bado, anapikwa.

Hatari haipo katika kuangalia. Ipo katika kukubali. Ukishasema "nitaiangalia", umechukua mkopo, na mkopeshaji atakutafuta. Atakuuliza kazini, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya benki: "Vipi, umeanza?" Jibu salama ni "Niko mwanzoni mwanzoni." Unaweza kukaa mwanzoni miaka miwili.

Kanuni ya nne: Kabla ya kumhukumu mhusika, hesabu waliomo chumbani

Hapa ndipo wengi wanapozama, nami naomba tukae kidogo.

Katika Sultan, Hürrem anaingia kasri mtumwa na anatoka malkia. Mahidevran alikuwepo kabla yake na ana mtoto wa kiume, Mustafa. Mgeni asiyejua hufikiri kwamba kuchagua upande kati ya wanawake hawa ni kama kuchagua kati ya chapati na maandazi. Anasema kwa sauti, huku akichekacheka: "Mimi Hürrem namwelewa, mwanamke lazima ajipiganie." Hajaangalia kulia kwake. Kulia kwake amekaa shangazi, mke mkubwa, ambaye mwenzake aliingia nyumbani akiwa msichana wa kusaidia kazi. Wewe ulikuwa unazungumzia Istanbul ya karne ya kumi na sita. Yeye kasikia Mbagala.

Au chukua Squid Game, ya Korea Kusini pia, iliyotoka Septemba 2021. Watu 456 waliolemewa na madeni wanakubali kucheza michezo ya kitoto, na anayeshindwa anauawa. Kijana mwenye mshahara wa uhakika atasema: "Wajinga wale, nani mwenye akili angesaini?" Atashangaa kwa nini mama muuza mihogo amekusanya vyombo vyake mapema. Mama huyo ana mkopo wa kausha damu, rejesho ni kila siku, na juzi wamembebea godoro. Hakuona wajinga mle. Aliona kikundi chake cha mkopo, ila wamevaa sare ya kijani.

Usidhani ni udhaifu wa watu wadogo. Sultan ilipokuwa ikitamba kwao Uturuki, mwaka 2012, Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, alikasirika hadharani. Suleiman wa kweli, alilalamika, alitumia miaka 30 juu ya farasi, si kama wanavyomwonyesha. Erdoğan alikuwa na jeshi, polisi na baraza la mawaziri, na bado akaingia kwenye ubishi wa tamthilia kama sisi wengine, kwa sababu ile ile: kaguswa wa kwake. Tamthilia ilisonga mbele hadi ikafika mwisho wake mwaka 2014.

Kila mtazamaji ana ndugu yake mle ndani. Tunapopatana kumsema Hürrem, tunapata nafasi ya kumsema wifi bila wifi kujua. Tunapomlilia Mustafa, kuna mtoto wetu tunayemlilia. Ndiyo maana mazungumzo haya ni matamu, na ndiyo maana yana miiba. Umbea wa jirani huleta kesi kwa mjumbe. Umbea wa Uturuki hauna mlalamikaji, mradi usimguse aliyekaa kando yako.

Kanuni ya tano: Baba mwenye nyumba haangalii tamthilia

Huu ni ukweli wa kisheria, wala usiupinge. Yeye anangoja taarifa ya habari ya saa mbili. Amekaa pale tangu saa moja kwa sababu kiti kiko pale. Gazeti amelishika, na kama ukurasa haujafunuliwa kwa dakika arobaini, basi ni habari nzito. Siku moja, bila kuinua uso, atauliza: "Huyo si ndiye aliyemtilia sumu dada yake?"

Usimwambie, "Kumbe unaangalia, baba!" Ukimwambia hivyo, kesho rimoti itahamia kwenye mpira, na mama hatakusamehe. Jibu tu: "Ndiye huyo, baba." Yeye ataguna, "Upuuzi mtupu," na atarudi kwenye gazeti, mahali anapoweza kuona kioo vizuri.

Kanuni ya sita: Kama hujaangalia, usikiri

Itakutokea. Ofisi nzima inazungumza, zamu yako imefika, wote wamekugeukia. Ukisema hujaiangalia, utahadithiwa mwanzo hadi mwisho, chakula kinapoa. Tumia mojawapo ya hizi tatu.

"Yule mama yule!" Haijawahi kushindwa. Iwe ya Korea, Ufilipino au Mexico, iwe Huba au Jua Kali za hapa nyumbani, kuna mama mle ndani anayewanyima watu usingizi. Wenzako watapiga makofi na kumalizia wenyewe.

"Mimi yule nilimshtukia mapema." Usimtaje ni nani. Kila mmoja atamweka wake.

"Ila nyumba zao!" Hii ni kwa dharura tu. Inafaa kwa tamthilia zote isipokuwa za vita, na hata hizo zina mahema mazuri.

Usithubutu kusema "mwisho umenishangaza." Utaulizwa mwisho upi.

Neno la mwisho kuhusu wanaobadilika sura

Mwaka 2013 Meryem Uzerli, aliyeigiza Hürrem katika Sultan, aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Nilijua jambo hilo mapema na safari hii nikafunga mdomo. Siku ilipofika, mama mkwe alimtazama Hürrem mpya kwa muda mrefu. Nilingoja malalamiko. Akasema: "Shida za kwenye jumba lile. Humkondesha mtu mpaka sura." Sikuwa na la kuongeza. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angepata maelezo bora kuliko yale.

Ibrahim naye siku yake ilikuwa imeshafika kabla ya hapo, kama ilivyofika mwaka 1536. Tulikuwa tumeshalala. Simu ikaita saa tano usiku, jina la mama mkwe linawaka, mke wangu akakaa kitandani akidhani kuna msiba. Nikapokea.

"Baba," sauti ilikuwa nzito, "wamemuua."

Nikameza mate, nikauliza: "Nani, mama?"

Akanisimulia yote, kwa nusu saa, tangu kilemba hadi kamba. Jumapili iliyofuata chai ilianzia kwangu. Nawe msomaji, siku ukipigiwa simu ya namna hiyo, uliza hivyo hivyo.