Trekta ya Majani Juu ya Lava

Hongera, mzee wetu wa Himbi, kwa trekta ya kukalia ya kukatia majani. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, nawe ukaona kilichopungua mjini ni bustani. Udongo umeuleta kwa lori, majani ukayapanda, na sasa kila mvua inafukua jiwe jingine. Kisu hakiheshimu Nyiragongo. Kinaligonga jiwe, cheche zinaruka, na sentineli anajificha nyuma ya geti.

Basi itunze trekta yako, maana bei yake unaijua mwenyewe. Kabla ya kuingiza mkono chini, zima moteri, toa ufunguo, ngoja kisu kisimame kabisa, kisha chomoa waya wa bujii. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo, kinabadilishwa. Esansi haimiminwi moteri ikiwa bado ya moto, hasa na huyo dereva wako mwenye sigara mdomoni. Oili pima trekta ikiwa mahali tambarare, kama unapajua popote hapo kwako. Na chujio la hewa ni ile karatasi nyeusi ambayo siku trekta ilipofika ilikuwa nyeupe.

Mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, anayepita getini kwako hana bujii. Ana mbao za mkaratusi, magurudumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu na grisi kidogo, na anashusha viazi kutoka Kibumba. Yeye mji umemsimamishia sanamu. Wewe bado unasubiri kisu kutoka Kampala.