Yah: Pongezi kwa Kuvilinda Vitabu Visisomwe

Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Mkoa (mkoa tunaujua mimi na wewe).

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Siandiki kulalamika. Naandika kupongeza, na nimeona nipongeze hadharani kwa sababu barua niliyoitumbukiza katika sanduku lako la maoni ingali mle mle. Nimeiona kupitia kioo, imelaliana na barua za wenzangu walioandika kabla yangu. Sanduku la maoni lenye kioo ni uwazi wa hali ya juu. Wananchi tunaona kwa macho yetu kwamba hatujasomwa.

Shida yangu ilikuwa ndogo. Nafuga kuku wa kienyeji, na ugonjwa wa kideri ulikuwa umeingia mtaani. Kila jirani alikuwa na dawa yake: huyu shubiri, yule pilipili kichaa za kusaga, mwingine vidonge vya binadamu vilivyobaki tangu mtoto alipoumwa. Mimi nikajiona msomi, nikaamua kwenda maktaba kutafuta kitabu. Dada wa mapokezi akanikaribisha vizuri sana. Akaniuliza, "Kaka, unajiandaa na mtihani gani?" Nikamwambia sina mtihani, nina kuku. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeingia zahanati kuulizia bei ya saruji.

Baadaye nilielewa kwamba swali lake lilikuwa sahihi, mkosefu wa adabu nilikuwa mimi. Ukumbi wako umejaa watu kuanzia asubuhi, lakini kila mmoja amekuja na daftari lake na fotokopi za mitihani ya miaka iliyopita. Wanafuata meza, feni na ukimya. Vitabu vimewazunguka ukutani, wala hawasumbuani. Siku wakifaulu wataondoka, na vitabu vitabaki vizima kama vilivyokuja, bila alama ya kidole. Ni mafanikio ambayo ofisi nyingine za umma hazijayafikia kwa mali zao.

Nikaomba nitafute mwenyewe. Kwa hili nakushukuru, maana nilijifunza mengi. Mpangilio wako wa namba ni ule aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na bwana yule aliwaheshimu watu wa kazi: aliwatengea namba za mia sita zote. Upishi ni 641, ushonaji 646, nyuki 638, na kuku, kama ulikuwa hujui, ni 636.5. Nikaifuata namba hadi mahali pake. Palikuwa na nafasi tupu, safi, imefutwa vumbi. Pembeni yake, kwenye 636.7, vilisimama vitabu viwili vinene vyenye karatasi za kung'aa kuhusu kumwandaa mbwa kwa mashindano ya urembo: namna ya kumkata kucha, kumkausha manyoya kwa mashine, na kumfundisha kusimama mbele ya majaji. Nilivisoma kwa makini. Mbwa wa mtaani kwetu hana habari kwamba anakosa yote hayo.

Kwenye 697 nikakuta mwongozo wa kuipasha nyumba joto kwa mabomba yanayopita chini ya sakafu, na onyo kwamba kazi hiyo ikamilike kabla theluji haijaanza. Hapa mjini kwetu, Ndugu Mkutubi, joto halijawahi kuhitaji msaada. Kwingineko kulikuwa na mwongozo wa Windows 95, disketi yake bado imo kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya jalada, na kitabu cha kumsaidia raia wa Uingereza kujaza fomu ya kodi ya mapato bila kuogopa. Vyote vina mhuri: ZAWADI.

Siwalaumu waliovileta. Mtu akihama nyumba hugawa alichonacho. Ninayempa heko ni yule aliyeipokea kontena iliyovileta, akahesabu maboksi, akasaini, akapiga picha na mgeni rasmi, kisha akaandika kwenye taarifa ya mwaka kwamba maktaba imeongeza vitabu. Hakusema uongo. Vitabu vimeongezeka.

Nadhani tatizo ni historia. Nchi hii ilikuwa na tabia mbaya, na maktaba yako imefanya kazi kubwa kuitibu. Ilikuwa na mazoea ya kuwapa watu wazima vitabu vya kazi wanazozifanya. Mwaka 1968, kwa kushirikiana na UNESCO, ulianzishwa Mwanza mradi wa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, na mwenye migomba kwa kitabu cha ndizi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kanda ya Ziwa ikapata hadi gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma jana asikose cha kusoma kesho. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakafungua kijitabu, wakabishana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Hebu fikiria fujo hiyo. Watu wanamaliza kusoma kitabu, na matokeo yake ni shimo la choo! Leo tumestaarabika. Tukimaliza kusoma kitabu, matokeo yake ni cheti.

Hata mkoloni, ambaye hatumdai wema, alikuwa na ugonjwa huo. Mwaka 1948 aliunda Nairobi ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau, ikatoa pamoja na hadithi vijitabu vya kilimo, afya na malezi kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huku. Alitaka tumlimie, kwa hiyo alituandikia namna ya kulima. Hesabu yake ilikuwa na mantiki. Ofisi ile ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakenya waliokota kipande chao wakakifanya Kenya Literature Bureau, ambayo siku hizi inajulikana zaidi kwa vitabu vya shule. Sisi tulibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hazina namba ya Dewey.

Usidhani maneno ndiyo yaliyopungua. Kila ninapouliza kwa nini hakuna vitabu vya ufundi na sayansi kwa lugha yetu, naambiwa Kiswahili hakijitoshelezi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yapo, yamekaa barazani yanasubiri vitabu vipite yapande. Wakati huo kijana wetu anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari anaambiwa umeme sasa utaongea Kiingereza. Yule asiyeendelea, ambaye ndiye atakayetufungia nyaya za nyumba zetu, anabaki na umeme usiosema naye lugha yoyote.

Sasa nakuja kwenye kabati lako la ofisini.

Kuna kitabu kimoja ambacho nadhani kimefaa watu wa kawaida kuliko vingi vilivyowahi kuandikwa. David Werner alikianza kwa Kihispania kwa ajili ya wanakijiji wa milimani magharibi mwa Meksiko, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Kinachonivutia si kwamba kinajua mengi, bali kwamba kinajua mahali pa kuishia. Kinakueleza namna ya kumpa maji mtoto anayeharisha, kwa vipimo vya vitu ulivyonavyo jikoni. Kisha kinakwambia dalili gani ukiziona usipoteze muda na kitabu, mkimbize mgonjwa hospitali. Kinakwambia hata dawa zipi zinazopendwa na watu hazina faida. Nimekiona kwa mkunga mstaafu, majani yake yamelegea na kunuka mafuta ya taa. Nimekiona kwenye zahanati ya misheni, kimefungwa kamba ya katani kisiondoke.

Na kwako pia kipo! Nilikiona mwenyewe, kizuri, kipya, nyuma ya kioo cha kabati la ofisini. Kina kibandiko chekundu: REJEA TU, HAKIAZIMWI. Nikaomba nikiangalie hapo hapo nikiwa nimesimama. Nikaambiwa ufunguo anao ofisa fulani, na ofisa fulani yuko semina. Basi kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa mahali pasipo na daktari kimefungiwa kwenye mji wenye hospitali ya rufaa, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa madaktari. Kikipata homa, kitatibiwa mapema.

Nikijua sasa njia ya maktaba ilivyo, nilikwenda kwa watu wanaosambaza maarifa bila masharti. Stendi, muuzaji aliyetandaza vitabu chini juu ya turubai aliniuliza ninachotafuta kabla sijafungua mdomo, jambo ambalo lingekushtua. Hakuwa na cha kuku. Alikuwa na siri saba za utajiri, siri kumi na mbili za utajiri, na kimoja kilichoahidi siri hizo hizo kwa siku thelathini. Jalada la kila kimoja lina picha ya mwandishi aliyefunga tai na kukunja mikono. Nimejiwekea kanuni: mwandishi akitangulia mbele ya kuku, kitabu si cha kuku.

Kwenye kundi letu la WhatsApp nikauziwa kitabu cha simu, kurasa nyingi, shilingi elfu tano. Nusu ya kwanza ilinitaka nijiamini. Nusu ya pili ilinionyesha faida nitakayopata nikiwa na kuku elfu moja wasiokufa, wasiougua na wasioibiwa. Hakikusema kiliandikwa mwaka gani, wala mwandishi aliwahi kufuga wapi, kwenye baridi au kwenye joto, wala ni kitu gani kilimshinda. Kitabu cha kazi kisichotaja kilichomshinda mwandishi ni tangazo la biashara lenye kurasa nyingi.

Jibu langu nililipata kwenye uwanja wa Nanenane, katika banda la mifugo, kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara tatu. Kwa Kiswahili safi kabisa, ilisema kideri husababishwa na virusi na hakina tiba. Kwamba shubiri na pilipili hazikitibu, wala vidonge vya mtoto. Kwamba kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni kwa kila kuku, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba huchanjwa kuku wazima, si waliokwisha kuinamisha shingo. Ni hayo tu. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa na wataalamu wetu, imelipiwa na fedha za umma, haina namba ya ISBN, na boksi lake lilikuwa likifungwa kwa gundi ya karatasi kwa sababu mgeni rasmi alikwisha kuondoka. Kuku wangu wengi walikuwa wamemtangulia.

Nilimuuliza kijana wa banda kwa nini maboksi yale hayapelekwi maktaba. Akafikiri sana, akasema hawajawahi kuombwa.

Hapo ndipo pongezi zangu zinapoishia, Ndugu, na naomba univumilie aya moja ya ukweli. Sikuombi kontena jingine. Sikuombi bajeti, maana najua utakavyojibu. Naomba uandike barua moja kwa ofisi ya mifugo, nyingine kwa ya kilimo, nyingine kwa chuo cha ufundi kilichoko mjini kwako, uwaombe nakala za kila karatasi waliyowahi kuchapa kwa Kiswahili. Uzifunge pamoja kwa uzi, uzipe namba, uziweke kwenye ile nafasi tupu iliyofutwa vumbi. Ukiishiwa nafasi, mbwa warembo watasogea. Na uwaruhusu watu waazime bila barua ya serikali ya mtaa, picha mbili za pasipoti na mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Mtu mwenye mdhamini wa namna hiyo hahangaiki na kuku; kuku anawanunua.

Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, alifanya hivyo tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Angeweza kuchagua siku yoyote. Nakuachia wewe na wasaidizi wako mlijadili hilo kwenye semina ijayo, posho ikiwepo.

Mwisho, ofisa fulani akirudi na ufunguo, naomba nipigiwe simu. Namba yangu iko kwenye ile fomu ya njano niliyojaza ili nipewe fomu ya kijani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji.

Nakala:
Ofisa Mifugo wa Wilaya – kwa taarifa, na kwa boksi zima kama bado lipo.
Dada wa mapokezi – ajue kuwa mtihani wangu ni mwezi wa tatu, siku ya chanjo.