Glasi za New York

Kazi yangu ya pembeni ni kuandikia jarida moja tahakiki za sahani za jazi, zile za watu watatu wanne tu. Shangazi yangu wa Unguja, ninayeishi naye hapa Al Khuwair, Maskati, haitambui kazi hiyo. Kwake jazi ni Morogoro Jazz na Western Jazz: magitaa, tarumbeta na mtu wa kuimba. "Huyu wako nusu saa yuko na piano, hata salamu hatoi. Mbaraka Mwinshehe angekwishatuimbia nyimbo tano."

Ijumaa moja nilikuwa nasikiliza Waltz for Debby ya Bill Evans. Piano imelainika, mara nikasikia vyombo vinagongana. "Shangazi, finjani hizo! Niko kazini!" Vikaendelea. Nikapaza sauti. Shangazi akatoka chumbani na msala begani, alikuwa anasali. Kumbe zilikuwa glasi za New York, za wateja wa klabu ya Village Vanguard waliokuwa wakinywa na kupiga soga siku ile ya kurekodi, Jumapili, tarehe 25 Juni 1961. Siku 11 baadaye mpiga besi, Scott LaFaro, alikufa kwa ajali ya gari, na soga zao zimebaki humo mpaka leo. Nilisamehewa kwa haluwa, tena ya zafarani.

Basi nilipofika kwenye Blue Maqams ya Mtunisia Anouar Brahem, ya mwaka 2017, nikajifanya mjanja. Shangazi aliposikia udi tu akavuta kiti. "Ehee, hapo sasa." Nyuma ya udi: tik... tik-tik. Safari hii sikumpigia mtu kelele. Nikaandika aya nzima kumsifu mpiga dramu, Jack DeJohnette, kwa kikengele chake kinachochelewa kidogo, mithili ya mgeni anayebisha hodi kwa haya.

Mhariri akauliza: kikengele kiko dakika ya ngapi?

Nikavaa visikilizio. Hakuna kitu. Nikavivua: tik. Nje ya dirisha kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji, tone moja moja, kwenye ndoo ya bati aliyoitega shangazi kumwagilia mrehani wake.

Nikamwomba aiondoe, angalau saa za kazi.

"Na mrehani wangu unywe nini?" akasema. "Hebu urudishe mwanzo huo udi."