Hewa Bora kwa Motere Yako

Sharti la kwanza ni kwamba gari liwe zima. Mwongozo huu haumfai mwenye gari bovu, kwa sababu gari bovu humpa fundi kazi ya maana, na hapa hatutafuti kazi ya maana. Tunachukua gari linalowaka asubuhi bila kusukumwa, tuseme Corolla au RAV4 iliyotoka Japani, ikapita Dar es Salaam na Kigoma, ikavushwa ziwa na kuteremshwa bandarini Kalemie ikiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande huohuo wa kulia. Gari hilo tunalitafutia pumzi mpya. Tunang'oa lile boksi jeusi la plastiki linalobeba filtri ya hewa, tunaweka mrija unaong'aa wenye filtri nyekundu ya umbo la koni mwishoni. Jumapili moja inatosha. Jumatatu utakuwa mtu mwingine, au utakuwa unatembea kwa miguu.

Anza na nadharia. Kijana atakayekusimamisha pale Avenue Lumumba na kukuuliza, "Yaya, umefanya nini kwa motere?" anadai jibu lenye namba. Mwambie kwamba ili esansi iungue vizuri, kilo moja inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa, na kwa hewa ya hapa kwetu lita moja tu ya esansi inameza kama lita 10,000. Akishangaa, mmalizie: hewa baridi ni nzito kuliko hewa moto, ikipoa nyuzi 10 uzito wake huongezeka kama asilimia 3, na hewa nzito inaruhusu esansi zaidi kuungua, hivyo nguvu inapanda. Haya yote ni kweli tupu. Ndiyo maana yanauza mirija vizuri hivyo.

Habari ya mwinuko usimguse nayo. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na motere isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 inazopanda. Gari lako, basi, lilikuwa limeshapoteza asilimia 7 au 8 siku lilipofika bandarini, kabla hujagombana na mtu wa ushuru, na hakuna mrija utakaozirudisha. Mwenye kiu ya hewa nzito kweli ahamie Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Ndugu zetu wa Bukavu wanaishi kwenye mita 1,500 na bado wanapandisha milima yao na magari yaleyale.

Sasa tafuta vifaa. Kit ya jina kubwa inatoka Marekani na bei yake itakufanya ukumbuke karo za watoto, kwa hiyo utaagiza ile ya Dubai au Guangzhou, yenye picha ya gari la mashindano kwenye kartoni. Itachukua muda. Lakini katika mambo ya kusubiri piyesi, Kalemie haina haki ya kulalamika. Juni 1915 Waingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson waliondoka kwao na boti mbili, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na motere mbili za esansi za nguvu ya farasi 100. Zililetwa kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikashuka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni tena, na mwisho wa Oktoba zikafika hapa Lukuga. Desemba 26 zikaiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Zaidi ya miezi minne njiani, na vita vya dunia vikizingoja! Kit yako ikichelewa muda kama huo kisha ikafika imepungukiwa kolye moja, usimtukane msafirishaji. Hakupewa ng'ombe.

Ukifungua kartoni utakuta filtri ya pamba iliyoloweshwa mafuta mekundu na kubanwa katikati ya nyavu za waya. Iangalie kwa heshima. Mji huu ulikuwa na Filtisaf, kiwanda kilichosokota nyuzi na kufuma vitambaa hadi kikazimika. Leo pamba tunaletewa kutoka ng'ambo, imekunjwa umbo la koni, tunailipa kwa dola na kuiita teknolojia.

Kufunga kwenyewe si kazi ya kusimulia sana. Toa waya hasi wa betri. Chomoa plagi ya sensa ya hewa taratibu, maana plastiki ya miaka kumi na tano hukatika kwa kuitazama tu. Legeza kolye, fungua bulonya za boksi kwa kile ya 10 (ambayo hutaiona, kila garaji duniani imeshapoteza ya kwake), vuta boksi nje. Utakuta bomba dogo la mpira linalotoka kwenye kifuniko cha motere na kuingia kwenye mrija wa zamani. Hilo hupeleka mvuke wa mafuta urudi kuunguzwa. Kit yako haina mahali pake. Mafundi wengine huliziba kwa kitambaa, wengine huliacha likitapika mafuta juu ya motere, na wote wawili watakuambia kwamba Wajapani waliliweka bure.

Kisha inakuja sensa. Ndani yake mna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta ya gari huhesabu kutokana na kupoa huko ni hewa kiasi gani imeingia, ndipo iagize esansi ya kutosha. Hesabu hiyo ilifanywa kwa mrija wa kipenyo kilekile ulichokitoa. Mrija wako mpya ni mnene zaidi, kwa sababu mnene unapendeza. Sensa itaona hewa kidogo kuliko inayopita, motere italishwa esansi pungufu, na kabla ya mwisho wa wiki taa ya njano yenye picha ya motere itawaka mbele yako. Dawa yake ni kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kibandikwe juu ya taa. Ukipenda kazi safi, kata utepe kwa wembe.

Mahali pa kuweka koni pia panahitaji akili. Boksi la zamani, kwa ujinga wake, lilikuwa na pua ndefu iliyopenya hadi karibu na taa ya mbele au ndani ya bawa, likavuta hewa ya nje, ile baridi tuliyomsimulia kijana wa Avenue Lumumba. Kit yako inaishia chini ya kapo, karibu na bomba la moshi, ambako hewa inaweza kupita nyuzi 60 gari likisimama, na mrija wenyewe ni wa alumini, chuma kinachopenda joto kuliko paka. Umelipa ili motere ivute hewa moto. Usihuzunike: kuna wanaoepuka hilo kwa kurefusha mrija hadi chini nyuma ya bampa, kwenye ubaridi wa kweli, sentimeta chache kutoka ardhini. Hawa wasubiri mvua. Tangu ziwa lilipopanda, mwaka 2021 na tena 2024, watu wa avenyu za chini wanajua dimbwi linavyoweza kulala barabarani bila kuaga. Maji hayabanwi kama hewa. Yakivutwa hadi ndani ya silinda, pistoni inapanda, haipati njia, na biele inapinda. Inatokea kwa sekunde moja, tena kwa mlio mmoja tu.

Labda utasema: si nitafunga snorkel, kama magari ya mashirika? Fikra nzuri. Zitazame basi zile Land Cruiser zinapopita kwenda Nyunzu au Moba. Nyingi zina motere ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, haina turbo, haina haraka, inatengenezwa tangu 1990. Bomba lao linapanda kando ya kioo hadi paa, ambako vumbi ni haba kuliko kwenye magurudumu, na baadhi zina kichwa kinachozungusha hewa ili chembe nzito zianguke kabla ya kuingia. Kisha hewa hiyo inashuka wapi? Ndani ya boksi jeusi lililofungwa vizuri, kwenye filtri ya karatasi. Gari la kwenda mahali ambapo hakuna fundi, lililonunuliwa na watu wenye pesa ya kununua chochote, sijaliona hata moja lenye koni nyekundu. Wewe lakini usivunjike moyo. Zipo snorkel za kubandika kwa gundi, ambazo hazihitaji hata kutoboa bodi, na kwa umbali wa mita ishirini hakuna atakayejua kwamba haziendi popote.

Nimefika kwenye vumbi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kit hii ilibuniwa na watu wasiolijua vumbi letu, au wanaolijua kwa namna nyingine. K&N, iliyoanza Riverside, California, mwaka 1969, ilijipatia jina kwa filtri za pamba kwenye mashindano ya pikipiki jangwani. Mwendesha mashindano huosha filtri yake kila mara, huipaka mafuta maalumu, na motere yake hufunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba. Wewe una motere moja, na ratiba yako ya kuifungua ni siku itakapokataa.

Kuanzia Juni hadi Septemba, ukifuata lori kwenye barabara ya udongo nje ya mji, hewa unayoivuta si hewa, ni barabara yenyewe iliyosagwa. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Karatasi ya filtri ya kawaida ina matundu madogo sana, na ajabu yake ni kwamba kadiri vumbi linavyojaa juu yake ndivyo inavyozidi kukamata chembe ndogo, mpaka inapoziba na kudai ibadilishwe. Pamba yenye mafuta inapitisha hewa kwa urahisi zaidi, na vumbi nalo linapita kwa urahisi huo. Mafuta yake ndiyo yanayonasa. Yakikauka, umebaki na pazia.

Baada ya miezi miwili utaitoa kuisafisha. Utaiosha kwa Omo, utaianika kambani kati ya shati na libaya la mama watoto, majirani watauliza ni kitu gani, na hapo utagundua kwamba mafuta yale mekundu ya filtri hayauzwi sokoni kwetu. Fundi atakupa mafuta ya vidanje. Utayapaka kwa ukarimu. Matone yatavutwa, yatafika kwenye ule waya mwembamba wa sensa, yatauvika koti la lami, nao utaanza kutoa taarifa za uongo kwa kompyuta. Taa haitakusumbua, maana ina utepe.

Vumbi lililopita litachanganyika na mafuta ya motere na kufanya kazi ya msasa kwenye segmenti na kuta za silinda, kimya kimya, kila unapoendesha. Halipigi kelele wala halinuki. Mwaka utapita, nawe utaongeza mafuta lita moja, halafu nyingine, na moshi wa bluu utaanza kukufuata Kalemie nzima. Fundi mpya atafungua kapo, atashika kiuno, atauliza kwa sauti ya msibani, "Mukubwa, hii motere ilikuwa inakula mafuta tangu zamani?" Jibu kwamba uliinunua hivyo.

Haki itendeke: kit inatoa kitu kimoja kwa uaminifu, nacho ni sauti. Pembeni ya mrija wa zamani palikuwa na chumba kitupu cha plastiki, ambacho mafundi hukitupa wakisema hakina kazi. Kazi yake ilikuwa kunyamazisha mvumo wa hewa inayovutwa. Ukikiondoa, motere inanguruma kila unapokanyaga, na masikio yako yataapa kwamba nguvu imeongezeka. Nguvu yenyewe, ikiwapo, iko juu kabisa, kwenye mizunguko 5,000 na zaidi kwa dakika, ambako filtri ya zamani ingeanza kubana. Nionyeshe barabara ya Kalemie unayoweza kufika huko bila kukutana na shimo, mbuzi au taxi-moto iliyobeba godoro. Utanguruma kwa gia ya pili, na pikipiki zitakupita kulia na kushoto. Atakayefaidika ni polisi wa roulage, ambaye sasa atakusikia tangu mbali na kuwa na nafasi ya kuvaa kofia yake vizuri.

Kama umesoma mpaka hapa na kit iko njiani, fanya hivi. Ikifika, iuze Lubumbashi, kule kuna lami ndefu. Kwa sehemu ya fedha hizo nunua filtri ya karatasi inayolingana na gari lako, si ile ya kukatwa kwa makasi. Kagua mpira wa kifuniko cha boksi na vile vibanio vya chuma; kimoja kikikatika, vumbi linapita pembeni na filtri haina maana. Wakati wa kiangazi ifungue mara kwa mara. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka upande wa ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na usipige karatasi ukutani kama wanavyofanya garajini, inachanika. Na ule utepe mweusi, kama ulishaubandika, ubandue leo. Taa ikiwa bado inawaka, lipeleke gari kwa mtu mwenye skana, umlipe, umsikilize.