Muulize Shangazi Salio

*Shikamoo Shangazi. Nimeona friji Instagram, milango miwili, shilingi 280,000. Muuzaji akaniambia watu watano wanaligombea, nitume 35,000 ya lori anihifadhie. Nikatuma. Kesho yake lori likakamatwa na trafiki, nikatuma 40,000. Sasa anasema limekwama mizani, nitume 50,000. Nitume?*
*— Mwenye Kiu, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Usitume. Friji lako halipo mizani, wala halijawahi kupanda lori. Huyo bwana hauzi friji, anauza safari ya friji, na safari hiyo itaendelea mpaka salio lako lifike sifuri. Ukilipa mizani, litapata pancha.

Leo hii piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako, uwatajie kumbukumbu namba ya kila muamala. Kama hela haijatolewa kwa wakala, huenda wakaizuia. Namba ya huyo bwana itume kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli, kisha uende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na kituoni huna haja ya kuwaeleza kwa nini ulidhani friji la milango miwili linauzwa bei ya baiskeli.

Halafu rudi kwenye ile akaunti, tuliza moyo, uitazame ulivyopaswa kuitazama mwanzo. Bonyeza vile vidoti vitatu, soma habari za akaunti: ilifunguliwa lini, imebadilishwa jina mara ngapi. Wafuasi 60,000 si wateja 60,000. Akaunti hununuliwa pamoja na wafuasi wake, kama banda la kuku na kuku wake. Juzi ilikuwa ya vichekesho, jana ya mawigi, leo ni duka la mafriji. Tazama na sehemu ya maoni. Ikiwa imefungwa, jiulize ni duka gani hilo linalowaziba wateja midomo. Na siku nyingine, kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu. Ukiambiwa duka ni kampuni, halafu linakuja jina la mtu binafsi usiyemjua, bonyeza kughairi. Lile jina halikuwekwa pale kwa urembo.

*Shangazi, nauza madera WhatsApp. Mteja alinirushia picha ya ujumbe wa malipo, 90,000, nikampa bodaboda mzigo. Mpaka leo salio halijaongezeka.*
*— Mama Madera, Tanga*

Picha ya wali haishibishi. Ujumbe wa malipo mtu anaweza kuutengeneza akiwa kitandani, akaweka jina lako, saa na dakika, hata makato. Uliza salio mwenyewe kwenye menyu ya simu, ndipo umwite bodaboda. Na akitokea wa kukuambia “nimezidisha, nirudishie 60,000”, mwambie awapigie watu wa mtandao wake wairudishe wao. Mwenye haki hatakasirika. Tapeli atakupigia mara kumi na moja.

*Shangazi, nimeambiwa niingize namba ya siri ili nipokee zawadi.*
*— Mshindi, Dodoma*

Kupokea hela hakuhitaji namba ya siri. Ile ni ya kutoa.

*Shangazi, tovuti ninayotaka kulipia kwa kadi ina alama ya kufuli. Si ni salama?*
*— Msomi, Arusha*

Kufuli maana yake ni kwamba njia kati ya simu yako na tovuti imefungwa, wapita njia hawachungulii. Halikuambii aliyekaa ndani ni nani. Hata nyumba ya mwizi ina kufuli, tena kubwa kuliko la kwako. Soma anwani herufi kwa herufi, maana wapo wanaochomeka sifuri mahali pa herufi o. Na zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi, ukishamwandikia mtu kwenye gumzo, jihesabu umempa kadi yenyewe.

*Shangazi, mume wangu alipata ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Akatuma kodi ya nyumba. Anaona aibu, kaniomba nisimwambie mtu.*
*— Wewe Nisitiri, Temeke*

Nimekusitiri. Mumeo si mjinga. Ujumbe ule hurushwa kwa watu wengi bila kuchagua, na miongoni mwao hakosekani mmoja aliyeshika simu wakati huohuo kumtumia mwenye nyumba. Dawa ni kumpigia mwenye nyumba kwa namba yake ya zamani, lakini mumeo alikuwa na haraka, na haraka ndiyo mtaji wao. Mwambie asinyamaze. Mimi mwenyewe mwaka jana nililipia seti ya sufuria tano zilizoonekana pichani kama za harusi. Kubwa kuliko zote ilitosha yai moja, tena la kanga. Niliificha uvunguni miezi miwili, na katika miezi hiyo jirani yangu naye akanunua palepale.

Naishia hapa. Bodaboda yuko getini na blenda yangu, anapiga honi, anasema ana mzigo mwingine Kinondoni. Apige tu. Hela yake ipo kwenye simu, na simu ipo mfukoni. Kwanza natafuta soketi.