Shanga, Sumaku na Wifi Yangu

Kijana wa watu alikuwa amepiga magoti sakafuni, koti lake jeupe likifagia vumbi, anaokota shanga zangu za kiunoni na kuzitia kwenye glovu ya mpira. Nyekundu, nyeupe, na zile ndogo za bati zinazong'aa, ambazo ndizo zilizoleta kesi yote. Kila akiipata moja anasema, "Hii nyingine, mama," kwa upole kabisa, na benchi zima la korido linageuza shingo. Mimi niko nyuma ya pazia, nimelishikilia gauni la hospitali kwa mikono miwili, maana kwa kipimo cha MRI ya matiti gauni linavaliwa uwazi ukiwa mbele. Wifi yangu, aliyekuja eti kunisindikiza, amejiegemeza ukutani anacheka mpaka machozi.

Asiyejua shanga za kiunoni ni za nani na za saa ngapi akamuulize bibi yake, mimi sisemi. Ninachosema ni kwamba tangu niolewe waliozijua ni watu wawili tu, mimi na zinayemhusu. Sasa zinajulikana na idara nzima ya picha, pamoja na mzee mmoja wa kanzu aliyekuja kupigwa eksirei ya goti. Moja ilibingirika mpaka kwenye kandambili yake, akaiinua, akaitazama kwenye mwanga, halafu akairudisha kwa yule kijana bila neno, kwa heshima kiasi kwamba ingekuwa nafuu kama angecheka.

Mambo yalianzia kwenye fomu. Kijana alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, akaanza kuuliza. Una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo? Hapana. Kifaa kilichopandikizwa sikioni? Hapana. Umewahi kupigwa risasi? Nikamwangalia. Umewahi kuchomelea vyuma? Anauliza kwa sababu fundi wa kuchomelea anaweza kuwa na kichembe cha chuma jichoni bila kujua, na ndani ya ile mashine kichembe hicho kinaweza kusogea. Nilikuwa nimeanza kufurahia maisha yangu yasiyo na risasi wala cheche alipofika kwenye swali la mwisho: una metali nyingine yoyote mwilini?

"Sina," nikasema.

"Ana shanga," akasema wifi.

Kimya.

"Usifiche, wifi. Zile zina kishikizo cha bati, na vile vipande vya kung'aa." Amejuaje? Hilo ni suala la kifamilia, lina uchunguzi wake na bado linaendelea. Kijana aliinamisha macho kwenye fomu, akaandika kitu kirefu kuliko "ndiyo", akasema samahani mama, itabidi zitoke. Kishikizo kilikuwa kimeshika kutu, hakifunguki. Ukaletwa mkasi wa kukatia bendeji. Wifi akajitolea kukata, na kwa kuwa wifi yangu hana jambo analolifanya taratibu, akavuta huku anakata. Uzi ukakatika, shanga zikapita chini ya pazia kwenda kuwasalimia watu.

Sidiria ya waya, pini za mtandio, heleni, kipini cha pua, bangili: hayo yote nilivua bila aibu, na wifi akayavaa yeye ili yasipotee.

Nilikuwa na hasira na yule kijana mpaka nilipofika nyumbani nikaanza kusoma habari za ile sumaku, na nilisoma mpaka wali ukaungua. Ndani ya ile pete nene nyeupe mna kilomita na kilomita za waya wa niobi na titani, umechovywa kwenye heli ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo waya haupingi umeme hata chembe. Umeme ukishatiwa mara moja unazunguka wenyewe, hauhitaji mtu wa kuusukuma. Maana yake sumaku haizimwi. Usiku ipo, Idi ipo, mgao wa umeme upo na yenyewe ipo. Dar nzima inaweza kuwa gizani, watu wanatafuta mishumaa, na kwenye chumba kile sumaku inaendelea kuvuta. Kuizima kwa dharura ni kuiachia heli ichemke na kutokea juu ya paa kwa bomba, halafu hospitali iingie mfukoni kununua nyingine. Na nguvu yake, ikiwa ni ya tesla 1.5 ambayo ndiyo ya kawaida, inapita ile inayogeuza dira kuelekea kaskazini kwa zaidi ya mara 30,000.

Ndiyo maana kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni, hata mkasi uliokata shanga zangu, vyote huishia mlangoni. Julai 2025, huko Long Island, New York, mwanamume mmoja aliingia kwenye chumba cha MRI akiwa na mnyororo wa mazoezi shingoni wenye uzito wa kama kilo 9. Sumaku ilimvuta, na akafariki. Baada ya kusoma hilo nilimsamehe kijana. Wifi bado.

Haya, nikaingizwa. Nilitarajia kulala chali, maana ndivyo wagonjwa wanavyolala kwenye sinema zote. Hakuna aliyeniambia kuwa MRI ya matiti unalala kifudifudi, juu ya ubao wenye matundu mawili, titi hili huku na titi lile kule, yote yaning'inie hewani bila kuguswa. Hayabanwi, tofauti na mamogramu, na hilo ni jema. Sababu nayo ina akili: yakining'inia nyama zake zinaachana na kifua na kuonekana vizuri, na ukilalia kifua, pumzi inatikisa mgongo zaidi kuliko matiti. Lakini kwanza lazima yashuke sawasawa yasijikunje, na kwa kazi hiyo akaja muuguzi wa kike. "Samahani dada." Akavuta la kushoto. Akainama chini ya meza kuchungulia, akasema bado, akavuta tena. Haya matiti yamenyonyesha watoto. Kushuka ndiyo kazi iliyobaki kwayo, na yanaifanya kwa bidii bila kusimamiwa na mtu. Leo ndiyo yanaambiwa hayajashuka vizuri.

Uso kwenye mto wenye tundu, mikono mbele, kanula kwenye mshipa, kipira cha kubonyeza kiganjani. "Ukizidiwa bonyeza, tutakutoa," akasema kijana. "Ila tukikutoa huenda tukaanza upya." Sikubonyeza. Kilichouma hata si matiti, ni mfupa wa kifua uliokaa juu ya ule ubao wa katikati kwa karibu dakika arobaini.

Humo ndani hakuna mionzi kama ya eksirei, ingawa kibao cha mlangoni kinasema idara ya mionzi. Kinachofanyika ni hiki. Mwili ni maji na mafuta, na kwenye maji na mafuta hidrojeni imejaa kila kona. Kiini cha hidrojeni ni kisumaku kidogo. Sumaku kubwa inavipanga hivyo visumaku, halafu mashine inavirushia mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64, chini kidogo ya pale stesheni za FM zinapoanzia. Vinayumba. Mawimbi yakikatwa, vinarudi mahali pake, na katika kurudi vinatoa mawimbi yao wenyewe, hafifu mno. Yale matundu mawili niliyolalia yamezungukwa na antena za kuyapokea. Kwa maneno mengine, matiti yangu yalikuwa hewani, yanatangaza, na kijana yuko nyuma ya kioo anasikiliza. Nilipolielewa hilo nilikaa kitandani nikajitazama kwa adabu mpya.

Sasa, ili ijue tangazo lipi limetoka sehemu ipi ya titi, mashine ina waya nyingine za kuwashwa na kuzimwa kwa kasi. Kila zikiwashwa ile sumaku kubwa inazisukuma, zinatikisika, na mtikisiko ndio kelele. Spika inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo umeingizwa ndani ya spika. Waliniwekea visikilizio vyenye taarabu, nadhani ilikuwa taarabu, kwa sababu kilichonifikia kilikuwa ni singeli ya Manzese saa nane usiku, ile ambayo DJ ameshapitiwa na usingizi na kichwa chake kimeangukia kwenye kitufe. Inapiga ta-ta-ta-ta, inakata ghafla, unashukuru Mungu, inarudi kwa mdundo mwingine.

Katikati ya singeli ikaja dawa. Ubaridi ukapanda mkononi, mdomo ukajaa ladha ya chuma. Uvimbe wa saratani hujijengea mishipa ya damu ya haraka haraka, inayovuja, kwa hiyo dawa huingia humo upesi na mara nyingi kutoka upesi. Wanapiga picha kabla ya dawa, wanapiga tena na tena baada yake, halafu kompyuta inatoa picha ya kwanza kwenye zinazofuata, inayobaki ni kile kilichong'aa. Ukijitikisa katikati, hesabu imeharibika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kijana alikuwa mkali kuhusu kukohoa. Na hiyo dawa inaitwa gadolini. Nikaitafuta: gadolini ni metali. Yaani wamenidhalilisha mbele ya mzee wa kanzu kwa sababu ya vipande vya bati, kisha wao wenyewe wakanidunga metali mshipani. Imefungwa kwenye kemikali nyingine ili isidhuru, figo zinaitoa kwenye mkojo, na ndiyo maana walitaka kwanza kipimo cha kreatinini. Nimeelewa vizuri sana. Bado nataka kuongea na mtu.

Walioleta akili hii ya kupiga picha kwa sumaku ni Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, waliopewa Nobeli mwaka 2003. Jarida la Nature lilimkatalia Lauterbur makala yake ya kwanza kabla ya kuichapisha mwaka 1973. Mmarekani mwingine, Raymond Damadian, alipoachwa nje ya Nobeli alilipia kurasa nzima za magazeti kulalamika kuwa amedhulumiwa. Namuelewa. Ningekuwa na hela za ukurasa mzima ningezitumia hivyo hivyo.

Maana hapa utani unanikauka. Hii haikuwa safari yangu ya kwanza pale. Safari iliyotangulia nilifika alfajiri, nimeshaomba ruhusa kazini, nimeshalipa teksi, na dada wa mapokezi akaniuliza kwa sauti ya kutangaza msiba, "Mara ya mwisho umeona siku zako lini?" Nikamjibu kwa vidole. Akasema tarehe hazifai, rudi. Kumbe kwa mwanamke anayeona siku zake kipimo hiki, kama hakuna haraka, hufanywa vizuri zaidi katika wiki ya pili tangu siku zianze, kwa sababu nje ya hapo homoni huifanya hata nyama nzima ya titi inyonye dawa na kung'aa, na picha inachanganya. Ni jambo la maana. Ni sentensi moja. Lingeweza kuandikwa kwenye kile kikaratasi cha miadi, ambacho kilikuwa na nafasi ya kutosha kutangaza maegesho mapya ya magari.

Na kabla ya hapo bima. Daktari ameandika kwamba matiti yangu ni mazito, kwenye mamogramu nyama nzito huonekana nyeupe na uvimbe nao huonekana mweupe, kwa hiyo kimoja kinaweza kukificha kingine. Bima wakajibu kwamba mamogramu imeshafanyika, kipimo cha pili cha nini? Daktari akaandika tena. Mfumo ukawa chini. Mfumo ukapanda, barua haionekani. Nikapigiwa simu na msichana mwenye sauti nzuri, akauliza kama naweza kusubiri mwaka mpya wa fedha.

Kila Oktoba wanatufunga riboni za pinki, wanatupa fulana, wanatuimbia wahini, wahini. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake wa Tanzania baada ya ile ya shingo ya kizazi, na wengi hufika hospitali imeshakomaa. Halafu jukwaani tunaambiwa wanawake wanachelewa, wanaogopa, wanaanzia kwa waganga. Wapo. Lakini mimi nilikwenda mapema, na siku nilizopoteza hazikuwa kwa mganga. Zilikuwa dirisha namba tatu, la bima. Mwenye uvimbe wa kweli, ule unaokua, angezihesabu siku zile kwa namna nyingine kabisa, na msichana mwenye sauti nzuri asingekuwepo siku ya kuzijibu.

Turudi kwenye kipimo: kanula ilivuja kwenye mtandio. Majibu yalikuwa kwenye sidii, na nyumbani hatuna kompyuta yenye pa kuiingiza. Glovu yenye shanga wifi aliisahau kwenye bajaji, au ndivyo anavyosema.

Daktari alisoma mstari wa mwisho tu. Vifuko vya maji, akasema, si saratani, nenda kwa amani, ila kwa matiti haya tutarudia kipimo mwakani. Nikamshukuru, nikauliza kwa hiyo nianze kujiandaa lini.

"Kibali cha bima," akasema, akinirudishia bahasha, "anza kukifuatilia leo."