Baraza la Mzinga Uliofiwa

Katika miombo ya Sikonge, mkoani Tabora, mzinga wa gogo ulifiwa na malkia. Mrina asali alikuja usiku na moshi wake, akakata masega, na kulipokucha malkia alikutwa chini ya mti, amekufa. Kilio kilipopungua, baraza likaitishwa.

Madume walitangulia kusema. Mmoja mnene, aliyelishwa na vibarua maisha yake yote, alitangaza kwamba mzinga umekwisha kwa kuwa damu ya kimalkia imekatika. "Umalkia ni wa kuzaliwa nao," alinguruma. "Kibarua hata mkimvika taji atabaki mchota maji." Wenzake wakapiga mbawa. Dume la nyuki hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, hivyo halina baba; na hao ndio waliosimulia nasaba kuliko wote.

Bi Mlezi akaomba nafasi. "Waheshimiwa, nani kati yenu amewahi kuwalea majana?"

Kimya.

"Basi nisikilizeni. Marehemu alianza kama jana lolote la kike. Tulimlisha maziwa meupe yanayotoka vichwani mwetu mpaka siku alipofungiwa chumbani. Dada zake tuliwapa maziwa hayo siku tatu hivi, kisha tukawahamishia kwenye chavua na asali. Yeye akaishi miaka, akitaga mayai zaidi ya elfu kwa siku msimu wa maua ulipokolea. Wao waliishi wiki chache, mbawa zikachakaa kazini. Mama yao alikuwa mmoja."

Vibarua hawakungoja kura. Wakachagua majana machanga ya kike, wakatanua vyumba vyao vikaning'inia, wakawajaza maziwa.

Lakini maneno ya Bi Mlezi yaliwalewesha wengine. "Kumbe ni chakula tu!" akasema kibarua mmoja, akalijengea jana la dume chumba cha kimalkia na kulinywesha maziwa usiku na mchana. Lilifia humo humo. Mwingine akamwendea jana wa kike aliyekwisha kuzoea chavua, akamrudishia maziwa. Huyo akatoka kiumbe wa kati: mdogo asiyefaa kuwa malkia, na kazi za kibarua hazimudu.

Bi Mlezi alihuzunika. "Yule dume mlimpa maziwa yasiyo na pa kushika katika urithi wake. Huyu binti urithi alikuwa nao wote, ila maziwa yamechelewa kumfikia."

Nje ya hadithi, mwaka 2008 watafiti wa Canberra, Australia, walizima ndani ya majana kimeng'enya kinachobandika alama za kemikali kwenye jeni, na wengi wakakua na maumbile ya malkia, kana kwamba wamelishwa maziwa yale. Malezi hayakai nje ya jeni yakizitazama. Huingia na kuamua ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi, maana kimo au hasira ya mtu hutegemea jeni nyingi sana pamoja na kila alichokula na kila alichokiogopa utotoni.

Siku malkia mpya alipotoka, madume walewale wakamtungia nasaba ndefu na kuapa kwamba damu yake waliijua tangu yai. Sauti yao naisikia vijijini kwetu, mtoto aliyedumaa anapoambiwa, "Ni ukoo wao, hata babu yake alikuwa hivyo." Huenda babu naye alikosa chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu mwingi hujengeka katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba hadi mtoto atimize miaka miwili.

Kwa hiyo, wewe mwenye mjamzito nyumbani, mpe mayai, dagaa na maharage kabla baba mwenye nyumba hajapakuliwa. Na mtoto akifikishwa kliniki, dai apimwe urefu pamoja na uzito.